Farasi kupangwa mstari wa pili kwenye mbio za vigari: hii ni haki kweli?

Fundi wa Aggrey

Wakuu, habari za jioni. Nina swali kwa yeyote anayefuatilia mbio za farasi wanaokokota vigari. Najua humu ndani wengi wetu ni Simba na Yanga tu, lakini hatukosi wawili watatu.

Kwa asiyezijua: farasi hapandwi. Anafungwa kigari chepesi cha magurudumu mawili, dereva anakaa karibu kabisa na mkia, na farasi haruhusiwi kupiga shoti, yaani kukimbia kwa kuruka. Lazima aende telki, ule mwendo wa haraka usio wa kuruka, mwanzo mpaka mwisho. Akichanganya miguu akaanza shoti, dereva inabidi amvute mpaka arudi kwenye mwendo wake, na hapo wenzake wameshapita. Mimi naangalia za Sweden, Jumamosi jioni nikishafunga meza yangu ya ufundi wa simu pale Mtaa wa Aggrey. Natumia bando langu, sibeti, nawapenda tu hao wanyama.

Mbio zinaanzishwa na gari lenye mabawa mawili marefu. Linatangulia, farasi wanalifuata pua zikiwa zinakaribia kugusa bawa, linaongeza kasi taratibu, likifika kwenye mstari linafunga mabawa na kutimka. Kule Sweden nyuma ya bawa wanapangwa farasi 8. Wakiwa 12, namba 9 mpaka 12 wanapangwa nyuma ya migongo ya wenzao. Huo ndio mstari wa pili, na nani akae wapi mara nyingi inaamuliwa kwa kura.

Kuna jike mmoja wa kahawia namfuatilia muda sasa. Juzi kura ikamtupa namba 11. Farasi aliyekuwa mbele yake hakuweza kulifuata gari. Basi toka mita za kwanza jike wa watu kichwa kiko juu, mdomo wazi, dereva kajilaza nyuma anavuta hatamu kwa mikono yote miwili. Kona ya kwanza wakaingia yeye wa kumi, kabanwa kwenye uzio, mbele kuna mtu, kulia kuna mtu. Ilipokuja kupatikana njia, uwanja umekwisha, kumebaki nyoosho la mwisho tu, ile sehemu iliyonyooka ya kumalizia. Akapita sita katika hilo nyoosho! Kamaliza wa nne, masikio yamesimama, anatazama huku na huku kama ndiyo kwanza ametolewa bandani. Nguvu zote alirudi nazo nyumbani.

Zingekuwa mbio za kufidiana, mwenye nguvu anarudishwa mita kadhaa ili wanyonge wapate nafasi, ningeelewa. Hapa hakuna kufidiana. Ni karatasi imetoka kwenye chungu. Sasa mashindano ya kuanza pamoja yanawezaje kumweka mwenzako mgongoni kwa mwingine halafu yakaitwa ya haki?

Mkeka Safi, Sinza

Kaka, haki ipo na inaonekana kwenye odi, yaani kiwango cha malipo kwa anayebeti. Namba 11 hawezi kuwa na odi sawa na namba 2. Anayebeti anajua kabisa mnyama kapangwa nyuma, ndiyo maana akishinda analipa zaidi. Kura haina upendeleo, leo kwako kesho kwa mwenzako. Mwisho wa msimu kila farasi ameshaonja mbele na ameshaonja nyuma. Mimi sioni dhuluma iko wapi.

Mwalimu Hesabu, Tabata

Naomba niweke hesabu kidogo, kwa sababu watu wanalia na mstari wa pili wakati hasara kubwa iko kwingine.

Farasi wazuri wa kule wanakwenda kilomita kwa dakika 1 na sekunde 10 hivi. Hiyo ni kama mita 14 kwa sekunde. Mstari wa pili uko nyuma ya wa kwanza kwa urefu wa farasi na kigari chake, tuseme mita 5 pamoja na nafasi ya usalama. Kwa hiyo anayeanza nyuma anadaiwa theluthi moja ya sekunde.

Sasa tazama kona. Ukikimbia upana wa kigari kimoja nje ya mwenzako, tuseme mita 1.5, kila nusu duara unaongeza 3.14 mara 1.5, yaani mita 4.7. Kona moja tu imekula karibu sawa na mstari wa pili mzima. Uwanja wa Solvalla kule Sweden una mzunguko wa mita 1000. Mbio za mita 2140 zina mizunguko miwili na zaidi kidogo, kona nne. Anayebaki nje muda wote anatembea karibu mita 19 zaidi ya anayebusu uzio.

Namba 8 wa mstari wa mbele yuko nje kabisa. Namba 9 yuko nyuma ya namba 1, uziani. Fundi, mimi ningechagua 9.

Saisi Mstaafu, Kigamboni

Wanangu, nimesoma yote. Mimi usaisi nimeufanya ujanani huko New Zealand, mji wa Christchurch, baada ya kuacha kazi ya meli. Nililisha, niliosha, nilifunga vigari, nikasimama uwanjani Addington usiku wa baridi nikingoja farasi arudi. Kwa hiyo nitasema nilichokiona kwa macho.

Mwalimu hesabu zako ziko sawa na nakushukuru. Lakini mita 5 si ndicho kilio cha farasi wa nyuma. Kilio chake ni kwamba ameondolewa uamuzi. Dereva wa mstari wa mbele, gari likifunga mabawa, ana mambo matatu ya kuchagua: atoke kwa nguvu akashike uongozi, akae nyuma ya kiongozi ajikinge upepo, au ashuke polepole atafute uzio. Dereva wa nyuma hana hata moja. Mbio zake zinaendeshwa na farasi wa mbele yake, farasi asiye wake, mwenye dereva asiyemjali. Wa mbele akitoka kama risasi, wa nyuma anavutwa naye na mambo yanakuwa mazuri. Wa mbele akiwa mzito, au akiharibu telki akaanza kuruka, basi anayelipa wa kwanza ni yule wa nyuma, kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Ndiyo maana mimi sikubali tukisema "mstari wa pili" kana kwamba ni kitu kimoja. Kukaa nyuma ya namba 1 mwepesi ni neema. Kukaa nyuma ya namba 3 mzito ni kama kuwa kwenye daladala nyuma ya lori la mchanga Mandela Road saa kumi na moja jioni. Kura ni ile ile, chungu ni kile kile, na hawa wawili hawakupewa kitu kimoja.

Nikuonyesheni kitu kidogo. Tulikuwa na jike wa kijivu. Akianza mbele, anarudi kifua kisafi, jasho tu chini ya mikanda. Akianza nyuma, anarudi kifua chote kimepigwa tope na vichangarawe vinavyorushwa na magurudumu ya walio mbele. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, nianze na pembe za macho, kisha matundu ya pua, ndani kabisa, maana tope likikauka humo anakohoa usiku kucha. Dereva naye akivua miwani, uso una rangi mbili. Halafu unamtazama jike, hata hajachoka. Anagonga ukwato anataka kutoka tena. Pale ndipo nilipoelewa uchungu wa mwenye mali: farasi ana mbio na hakupata pa kuzitoa.

Mkeka Safi, mwanangu, nakuheshimu, lakini odi ni haki yako wewe mwenye mkeka wa kubeti. Mwenye farasi halipwi kwa odi, analipwa kwa nafasi aliyomaliza. Pesa ya wa kwanza na pesa ya wa nne ni mbingu na ardhi, na kutoka humo humo anatoa chakula, anamlipa mganga wa mifugo, anamlipa saisi. Mkeka umechanika kwako, kesho utaandika mwingine. Farasi ana miaka michache tu ya ubora wake, na mbio kubwa inakuja mara moja kwa mwaka. Hilo la "leo kwako kesho kwa mwenzako" ni kweli kwenye mbio za kila wiki. Kwenye fainali kesho haipo.

Wasweden wenyewe wanalijua hilo. Mbio yao kubwa, Elitloppet, inayokimbiwa hapo hapo Solvalla mwishoni mwa Mei, ni mita 1609. Wanaanza na makundi mawili ya farasi 8, wanne wa kwanza wa kila kundi wanaingia fainali, na fainali ni 8 tena. Wote nyuma ya bawa, hakuna mstari wa pili. Wangeweza kujaza 12 wakauza tiketi zaidi. Hawakufanya hivyo. Marekani nako fainali ya mbio yao kubwa, Hambletonian, inakimbiwa Meadowlands, New Jersey, uwanja mpana wa maili moja, na farasi 10 wanatosha mbele.

Fundi wa Aggrey

Shikamoo mzee. Nimesoma maneno yako mara mbili. Hapo kwenye kuondolewa uamuzi ndipo roho yangu ilipokuwa ila sikuwa na namna ya kulisema. Sasa mzee, kwa nini basi wasirudi kwenye kuanza bila gari?

Saisi Mstaafu, Kigamboni

Marahaba mwanangu. Kuanza bila gari kupo mpaka leo. Kombe kubwa la New Zealand, pale Addington kila Novemba, mita 3200, farasi wanaanza wamesimama, na kwa mtindo huo mwenye rekodi kubwa anaweza kurudishwa mita 10 au 20. Paris nako, mbio ya Prix d'Amérique, Jumapili ya mwisho ya Januari, farasi 18 katika uwanja wa Vincennes, mita 2700, hawatumii gari. Uzuri wake ni huo, unaweza kuweka wengi na unaweza kufidiana kwa mita.

Ubaya wake ni kwamba unamtegemea mnyama atulie. Mmoja akigoma, mmoja akigeuka, wote wanarudishwa, na walio watulivu ndio wanachemka. Marekani walichoshwa na kurudia rudia huko. Gari lenye mabawa likaanza kazi mwaka 1946 katika uwanja wa Roosevelt, New York, na watu wakalipenda kwa sababu mbio zinaanza kwa saa yake. Kwa hiyo gari lenyewe lilikuja kama dawa. Mstari wa pili ulikuja kwa sababu bawa lina mwisho na waandaaji wanataka farasi wengi.

Na nisiwe mtu wa upande mmoja. Wapo farasi wanaofaidika nyuma. Yule mwenye pupa, akiliona bawa mbele ya pua anapandisha wazimu na kuanza shoti kabla hata ya mstari. Mweke nyuma ya mgongo wa mwenzake, anatulia. Tulikuwa naye mmoja, dume, kila akipangwa mbele tulikuwa na wasiwasi, akipangwa nyuma tunapumua.

Kocha Mama Riadha, Temeke

Samahani naingia na riadha, maana hata sisi tatizo hili tunalo, na kwetu lina kanuni.

Mbio za mita 10,000 uwanjani, washiriki wakizidi 12, kanuni inaruhusu kuwagawa makundi mawili. Kama theluthi mbili wanasimama kwenye mstari wa kawaida uliopinda. Waliobaki wanasimama kwenye mstari wao peke yao, nusu ya nje ya uwanja, uliosogezwa mbele. Hao wa nje hawaruhusiwi kuingia ndani mpaka mwisho wa kona ya kwanza. Ule mstari umepimwa ili umbali ulingane. Hakuna anayewekwa mgongoni kwa mwenzake.

Nimewapanga watoto wangu hivyo mazoezini, na wanaolalamika mara nyingi ni wa kundi la ndani, kwa sababu wanasukumana! Kwa hiyo inawezekana kuwa wengi bila kumnyima mtu njia. Hao wenye farasi wamejaribu?

Na mzee Saisi umeitaja Christchurch, umenigusa. Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mji huo huo, dakika 3 sekunde 32.2.

Saisi Mstaafu, Kigamboni

Kocha, ahsante sana. Nilipokuwa kule, nikitamka tu Tanzania, wazee wa uwanjani walikuwa wananitajia Bayi kabla hawajaniuliza jina langu. Na mtazame alivyoshinda. Alitoka mbele toka mwanzo, hakumsubiri mtu, John Walker wa New Zealand akamfukuza mpaka utepe na hakumpata. Walker mwenyewe siku hiyo alikimbia chini ya rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Bayi alikuwa na haki ya kuchagua kukimbia hivyo kwa sababu mbele yake hapakuwa na mgongo wa mtu. Hiyo ndiyo haki ninayoizungumzia hapa.

Swali lako la kusogeza mstari wa nje: kwa kigari ni vigumu. Gari la kuanzishia bawa lake limenyooka, linakwenda na farasi wako kwenye kasi. Huwezi kuweka magari mawili. Kinachofanyika ni mambo mengine. Viwanja kadhaa vya Australia na Sweden wameongeza njia ya ndani kwenye nyoosho la mwisho, uzio unarudi ndani kidogo, ili aliyebanwa nyuma ya kiongozi apate upenyo. Hiyo inasaidia sana hao wa namba 9 na 10 wanaoishia uziani. Na kwetu kule New Zealand, mbio nyingi za kawaida nafasi hazikuwa kura tupu. Dhaifu walipewa ndani, wenye nguvu nje au nyuma. Hapo mstari wa pili unakuwa mzigo uliopimwa kwa mabega ya mbebaji, na mimi sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni mmoja: kura tupu, mstari wa pili, mbio ya fainali. Hivyo vitatu visikae pamoja. Ama punguzeni farasi wabaki wa kutosha mbele, ama wape waliofanya vizuri kwenye mchujo haki ya kuchagua nafasi kwa zamu, ili anayekaa nyuma awe amekaa kwa matokeo yake.

Mkeka Safi, Sinza

Mzee, hilo la fainali nimelikubali, sikuwa nimelifikiria kwa upande wa mwenye farasi. La mbio za kila wiki nabaki pale pale, kura inatosha. Ila nina swali. Marekani nimeona wakati mwingine farasi wa mbele anaondolewa asubuhi ya mbio, ameumwa au vipi. Wa mstari wa pili hapandi kujaza nafasi?

Saisi Mstaafu, Kigamboni

Hapandi. Kwa kanuni ya Marekani, kwa mbio za kawaida, mmoja wa mbele akitoka, walio nje yake kwenye mstari ule ule wa mbele wanasogea ndani kuziba pengo. Wa nyuma wanabaki wa nyuma. Ila kuna kitu kizuri hapo: dereva wa mstari wa pili anaruhusiwa kuchagua atoke nyuma ya farasi yupi wa mbele, mradi asimzuie wala asimnyang'anye mwenzake wa mstari wa pili nafasi aliyopangiwa. Kwa hiyo akiwa peke yake huko nyuma, anaweza kumkwepa mzito akajiweka nyuma ya mwepesi. Hiyo inamrudishia uamuzi kidogo.

Fundi, na wewe Jumamosi ukitaka kujua jike wako ana siku njema au mbaya, usimtazame yeye kwanza. Tazama aliyepangwa mbele yake. Tafuta picha za mbio zake zilizopita, sekunde kumi za mwanzo tu. Je, gari likifunga mabawa anakwenda nalo, au pua inaachwa? Akiwa wa kuachwa, angalia dereva wa jike ni nani. Wapo wanaoshuka uziani na kungoja bahati, wapo wanaotoka nje mapema, wakakubali zile mita za Mwalimu, mradi farasi apate njia wazi. Kwa jike mwenye mbio ndefu kama unavyomweleza, mimi ningemkabidhi huyo wa pili.

Fundi wa Aggrey

Nimeshaingia kwenye orodha ya Jumamosi mzee. Kapangwa 10. Mbele yake, namba 2, kuna dume mweusi wa miaka mitano. Natafuta picha zake sasa hivi, nitaziweka hapa tuzitazame pamoja.